Uchungu Huu Usiitwe wa Uongo

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hii hutajwa sana madarasani, na mwalimu akiifafanua huwaambia wanafunzi kuwa aliyepatwa na jambo ndiye alijuaye. Hakuna awezaye kuupinga ukweli huo. Hata hivyo, methali hii ina upande wa pili ambao aghalabu haufafanuliwi. Iwapo mzazi peke yake ndiye aujuaye uchungu, basi mwanamke mwenye mimba ya kwanza bado haujui. Yeye huingia katika miezi ya mwisho kama msafiri wa usiku asiye na taa, na kila tumbo linapomkaza hujiuliza: Je, ndio huo, au sio?

Swali hilo si dogo. Wako wanawake waliolijibu vibaya wakazalia njiani, na wako watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao kwa kuwa mama zao waliambiwa wavumilie, si kitu. Ndiyo sababu tumeonelea leo tulizungumze hapa, mbele ya walimu na wanafunzi, wala tusiliache vyumbani mwa wakunga peke yake.

Tuanze na mwili wenyewe. Mji wa mimba, ambao wengine huuita kizazi, ni msuli. Kabla ya mimba uzani wake ni gramu 70 hivi. Mimba itimiapo hufikia kilo moja, bila ya kuhesabu mtoto, maji wala kondo la nyuma. Na msuli, popote ulipo mwilini, kazi yake ni kukaza na kulegea. Kizazi hakingojei siku ya kujifungua ndipo kianze kazi hiyo. Huanza mapema, mimba ingali changa, ijapokuwa mama hahisi neno. Kuanzia miezi ya kati, na hasa katika miezi mitatu ya mwisho, mikazo hiyo huwa na nguvu ya kutosha kuhisiwa. Mnamo 1872 daktari mmoja Mwingereza aitwaye John Braxton Hicks, aliyefanya kazi jijini London, aliandika kuhusu mikazo hiyo, na mpaka leo vitabu vya udaktari huiita kwa jina lake. Akina mama walikuwa wakiihisi tangu dahari, na wakunga wakiijua. Lakini jina likaenda kwa mwanamume ambaye hakuihisi hata siku moja. Hayo ndiyo mambo ya vitabu.

Mikazo hii ina tabia zake. Kwanza, haina ratiba. Huweza kuja mara mbili katika saa moja, ikatoweka mchana kutwa, kisha ikarudi jioni. Mkazo mmoja huweza kudumu kwa sekunde chache tu au ukafika dakika mbili. Tumbo huwa gumu kama mpira uliojazwa upepo, halafu likalegea. Mara nyingi haiumi sana, bali humkosesha mama raha. Huja akiwa amechoka, au hajanywa maji ya kutosha, au kibofu kimejaa, au mtoto amejigeuza kwa nguvu. Akinywa maji, akaenda haja ndogo, akajilaza ubavu, au aliyekuwa ameketi akainuka akatembea kidogo, mikazo hutulia. Na lililo kubwa kuliko yote ni kwamba mikazo hii haifungui mlango wa kizazi.

Uchungu wa kuzaa una tabia nyingine. Huja kwa mpangilio, kama mawimbi yanayofuatana kuelekea ufuoni. Muda kati ya mkazo na mkazo huzidi kupungua, nao mkazo wenyewe huzidi nguvu na urefu. Mara nyingi huanzia kiunoni na mgongoni ukazunguka hadi mbele. Hautulizwi kwa maji, wala kwa kulala, wala kwa kutembea. Pengine hutanguliwa au huandamana na ute mzito wenye alama ya damu, au chupa hupasuka maji yakamwagika. Mlango wa kizazi hufunguka polepole hadi kufikia sentimita 10, ndipo mtoto apite.

Mtu akisoma aya hizo mbili huenda akadhani kwamba mpaka kati ya mambo haya mawili ni kama mpaka wa kiwanja uliowekwa mawe. La, hasha. Mwanzo wa uchungu wa kweli wenyewe huweza kusitasita kwa saa nyingi, hasa kwa anayezaa mara ya kwanza. Hata muuguzi mzoefu pengine hana budi kumpima mama, amngoje, ampime tena, ndipo akate shauri. Mnamo 1972, miaka 100 kamili baada ya maandishi ya Braxton Hicks, madaktari Philpott na Castle, waliofanya kazi Salisbury, mji unaoitwa leo Harare, walichapisha chati ya kufuatia mwendo wa uchungu. Nia yao ilikuwa kumsaidia mkunga aliye mbali na hospitali kubwa ajue ni wakati gani wa kumpeleka mama mbele. Chati za namna hiyo zilienea duniani, na maelfu ya akina mama wa Afrika wamefuatiliwa kwazo. Lakini hata chati hiyo yataka kwanza mtu aamue kwamba uchungu umeanza. Kwa miaka mingi ilikubaliwa kwamba uchungu umekolea mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4. Mnamo 2018 Shirika la Afya Duniani likasema ni sentimita 5. Ikiwa wataalamu wa ulimwengu mzima wanaweza kukirekebisha kipimo chao, msichana wa miaka 18 ana kosa gani asipoutambua mpaka huo usiku wa manane?

Hapo ndipo tunapofikia jambo linalotukera. Katika Kiswahili kinachotumiwa hospitalini na nyumbani, mikazo hii ya mapema imebatizwa jina la uchungu wa uongo. Tafsiri hiyo imetokana na Kiingereza, na yamkini aliyeitafsiri hakukusudia ubaya. Lakini neno likishaingia katika lugha huanza kufanya kazi yake lenyewe. Uongo katika Kiswahili hauji bila ya mwongo. Mama akiambiwa kwamba uchungu wake ni wa uongo, husikia kwamba yeye mwenyewe amedanganya. Amewaamsha watu usiku, amekodi pikipiki, amemsumbua muuguzi, kumbe ni uongo! Hurudi nyumbani ameinamisha kichwa. Mama mkwe humtazama kwa jicho la pembeni. Mumewe huhesabu nauli iliyopotea. Naye huapa moyoni kwamba safari nyingine hatasema neno mpaka awe na hakika.

Na hakika hiyo, msomaji, huja ikiwa imechelewa.

Walimu watatuelewa tukitoa mfano wa shuleni. Kila mwaka, kabla ya mtihani wa taifa, watahiniwa hufanya mtihani wa mwigo. Mtihani huo hauwapi cheti. Haupelekwi kwa Baraza la Mitihani. Lakini hatujapata kumsikia mwalimu mkuu akiuita mtihani wa uongo, wala akimcheka mwanafunzi kwa kuja na kalamu mbili. Sote twajua kwamba mwigo ni matayarisho ya kazi iliyo mbele. Wataalamu wengi huiona mikazo hii vivyo hivyo: kizazi kinajizoeza kazi yake. Basi kwa nini tusiiite mikazo ya matayarisho? Lugha yetu si maskini hata ikose neno la heshima kwa jambo linalompata karibu kila mama. Walimu wa Kiswahili, ambao kila siku huwakumbusha wanafunzi kwamba uteuzi wa maneno ni jambo la maana katika uandishi, wana nafasi ya kuonyesha kwamba ni jambo la maana katika maisha pia.

Huenda mtu akasema kwamba tunagombania jina tu. Hebu natutazame madhara yake. Mnamo 1987 jiji la Nairobi lilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa ulioanzisha mwito wa uzazi salama, na tangu wakati huo watu wengi wameyachunguza mambo yanayowaua akina mama. Mnamo 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba vifo hivyo hufuata ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kukata shauri la kutafuta msaada, kuchelewa kufika kwenye msaada, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Maelezo hayo hufundishwa hadi leo kwa kuwa hayajapitwa na wakati.

Mchukue mama aliyedhihakiwa mara ya kwanza, umpitishe katika milango hiyo mitatu. Mlango wa kwanza, hukawia kukata shauri kwa sababu anaogopa aibu. Mlango wa pili, njia huwa imekuwa ndefu kuliko muda uliosalia. Mwenyeji wa kisiwa cha Pate anayehitaji kufika Lamu hutegemea mashua, na mashua nazo zina saa zake za maji kujaa na maji kutupu. Mwenyeji wa Turkana hutegemea gari ambalo pengine liko mwendo wa saa kadhaa. Mlango wa tatu, akifika, mhudumu yule yule aliyemrudisha juzi humtazama na kusema, "Umerudi tena?" Neno hilo moja huweza kumgharimu dakika ambazo hana.

Takwimu za nchi yetu zinatufundisha jambo. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 62 ya watoto nchini Kenya walizaliwa mikononi mwa wahudumu waliosomea kazi hiyo. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imepanda hadi asilimia 89. Hayo ni maendeleo ambayo hatuna budi kuyapongeza, na uamuzi wa Serikali wa Juni 2013 wa kuondoa malipo ya kujifungua katika hospitali za umma ulichangia. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 355 walipoteza maisha. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba kufika hospitalini pekee hakutoshi. Saa ya kufika ina thamani yake, na namna ya kupokewa ina thamani yake.

Liko pia kosa la upande wa pili, nalo ni baya zaidi kwa kuwa huvaa vazi la busara. Ni kosa la kudhani kwamba kila mkazo wa mapema ni wa matayarisho. Mimba hutimia kuanzia wiki 37. Mikazo inayokuja kwa mpangilio kabla ya wiki hizo, kila dakika 10 au kwa kasi zaidi, yaweza kuwa ni uchungu wa kuzaa mtoto ambaye mapafu yake hayajakomaa. Mama wa namna hiyo akiambiwa ajilaze na kunywa maji hadi asubuhi, huenda amenyimwa saa ambazo mtoto wake alizihitaji. Kwani dawa ipo. Mnamo 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa katika nchi tano, Kenya ikiwa mojawapo. Utafiti huo ulithibitisha kwamba sindano za deksamethasoni, dawa isiyo ghali, wakipewa akina mama walio katika hatari ya kuzaa mapema, huokoa maisha ya watoto wachanga. Lakini sindano hiyo haina faida kwa mama aliye nyumbani akingojea kuona kama ni kweli au ni uongo.

Wala tusisahau dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu. Mama mwenye mikazo ya matayarisho akidhaniwa kuwa uchungu wake umekwama, hupikiwa mizizi ili mtoto atoke upesi. Baadhi ya dawa hizo hukikaza kizazi kwa nguvu kupita kiasi, mlango wake ungali umefungwa. Kizazi huweza kupasuka, na mtoto kukosa hewa. Waliompikia walimtakia heri. Walichokosa ni kuujua mpaka tuliouzungumzia.

Sasa twauliza: Ni nani aliyepaswa kuwafundisha? Zamani kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Pwani, msichana alikuwa na somo wake, mwanamke mzima aliyemfunda mambo ya mwili na ya nyumba. Bara, nyanya alikaa na wajukuu jikoni, na mambo ambayo mama aliona haya kuyasema, nyanya aliyasema bila ya kupepesa macho. Hatusemi kwamba kila walichofundisha kilikuwa sahihi. Twasema kwamba mafundisho yalikuwapo. Leo msichana huamkia shuleni na kulala shuleni, miezi tisa katika mwaka. Nyanya humwona wakati wa likizo, naye akiwa ameinamia kitabu au simu. Shule imekichukua kigoda cha nyanya. Haina budi kuuchukua na wajibu wake.

Je, shule imeuchukua? Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyesoma biolojia katika mfumo wa 8-4-4 aliweza kukuambia kwamba projesteroni hukituliza kizazi na kwamba oksitosini hukikaza wakati wa kuzaa. Alijibu swali hilo akapata alama zake. Lakini mwulize dada yake akishikwa na tumbo katika mwezi wa nane afanye nini, na katika wa tisa afanye nini, atakutazama tu. Elimu iliyomwezesha kupita mtihani haikumwezesha kumsaidia dada yake. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa 2017 ulijengwa juu ya ahadi kwamba mwanafunzi atajifunza kutenda, si kukariri. Sisi hatuoni umilisi ulio mkubwa kuliko kujua wakati wa kuokoa maisha ya mtu.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba kuwafundisha wasichana mambo ya uchungu wa kuzaa ni kuwafungulia mlango wa maovu. Twawaheshimu wazazi wenye hofu hiyo, kwani hofu yao hutokana na mapenzi. Lakini uchunguzi wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa Kenya walio kati ya miaka 15 na 19 walikuwa wamepata mimba. Hao hawakungoja kufundishwa habari za uchungu. Hakuna msichana aliyepata kushawishiwa apate mimba kwa kuelezwa jinsi kuzaa kunavyouma. Zaidi ya hayo, Serikali yetu iliweka mwongozo wa kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tangu 1994, na ukaandikwa upya mnamo 2020. Ukikubali kwamba msichana mja mzito ana haki ya kuketi darasani, umekubali pia kwamba siku moja huenda akashikwa na mikazo mbele ya mwalimu. Kila mwaka, msimu wa mitihani ukifika, magazeti huandika habari za watahiniwa waliofanyia karatasi zao hospitalini. Mwalimu atakayesema kwamba jambo hilo halimhusu, na aombe lisimkute akisimamia mtihani.

Wapo pia wauguzi watakaotulaumu. Watasema: Wodi zimejaa, tukimpokea kila mwenye mkazo wa matayarisho, mwenye uchungu wa kweli atalala wapi? Hoja hiyo ina uzito, na wauguzi wetu wamebeba mzigo ambao watu wengi wangeutua chini. Lakini hatuombi kwamba kila mama alazwe. Twaomba kwamba kila mama apimwe: damu yake isukumwavyo, moyo wa mtoto upigavyo, mikazo yake ijavyo. Akikutwa hajafika wakati, aambiwe hivyo kwa upole, aelezwe dalili za kumrudisha, yaandikwe katika kijitabu chake cha kliniki, kisha aambiwe maneno haya matatu: "Umefanya vyema kuja." Maneno hayo hayahitaji kitanda, wala dawa, wala bajeti ya kaunti. Kwa wanaoishi mbali mno, ziko nyumba za kungojea karibu na hospitali, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kwa sehemu zilizo mbali na huduma. Serikali za kaunti ambazo hazijazijenga na zizijenge. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwamo za uzazi. Haki hiyo haikuandikiwa wale tu waliojua kukisia saa ya kujifungua.

Basi nini kifanyike shuleni? Kwanza, walimu wa biolojia na wa stadi za maisha waifundishe tofauti hii waziwazi, kwa wasichana na wavulana pamoja. Mvulana wa leo ndiye mume wa kesho, ndiye mwendeshaji wa bodaboda atakayeitwa usiku, ndiye chifu na ndiye daktari. Asipojua, atakuwa wa kwanza kusema, "Ngoja kupambazuke."

Pili, kila mwanafunzi ajue dalili ambazo hazingoji kupambazuka. Damu inayotoka ukeni. Maji yaliyopasuka, hata kama hakuna mkazo. Mtoto aliyepunguza kucheza tumboni au aliyenyamaza. Kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona kiwi, au uso uliovimba ghafla, au kutukutika, kwani hizo ni alama za kifafa cha mimba. Homa kali. Maumivu makali ya tumbo yasiyolegea. Na mikazo yenye mpangilio kabla ya wiki 37. Mwenye lolote kati ya hayo asiulize kama ni matayarisho au la, aende.

Tatu, mwalimu mkuu mwenye mwanafunzi au mwalimu mja mzito awe na mpango: nambari ya simu ya gari la wagonjwa, zahanati iliyo karibu, na jina la mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji hicho. Wahudumu wapatao 100,000 walizinduliwa kote nchini mnamo Septemba 2023. Shule isiyomjua wa kwake imeipuuza baraka iliyo mlangoni. Mwanafunzi akishikwa na mikazo darasani, asiambiwe ajikaze. Atolewe nje pasipo kelele, apewe maji, aketishwe mahali penye faragha, na mtu mmoja mwenye saa ahesabu: mkazo umeanza saa ngapi, umedumu muda gani, mwingine umekuja lini. Ukurasa mmoja wa hesabu hiyo utamfaa mkunga kuliko hadithi ndefu.

Na walimu wanawake je? Wengi wao hufundisha wakiwa wamesimama kutwa nzima hadi wiki za mwisho, hawanywi maji ili wasiende msalani katikati ya kipindi. Tumekwisha kusema kwamba uchovu, kiu na kibofu kilichojaa huiita mikazo. Mwalimu mkuu mwenye busara atamwekea mwenzake kiti, na wanafunzi wenye adabu watamletea maji bila ya kuagizwa. Hayo ni mambo madogo, lakini mwanafunzi anayeyaona hujifunza heshima ambayo hakuna kitabu kitakachomfundisha.

Kwenu wanafunzi, neno letu ni hili. Iwapo dada, mama, shangazi au jirani atakuambia kwamba tumbo linamkaza, usicheke, wala usimwambie kwamba bado. Mwulize maswali: Yanakuja kwa mpangilio? Yanazidi? Umenywa maji? Mimba ni ya wiki ngapi? Mtoto anacheza? Msipopata jawabu la hakika, mwende kliniki pamoja, hata ikiwa ni mara ya tatu wiki hiyo. Nauli ikipotea itatafutwa nyingine. Wazee walisema heri nusu shari kuliko shari kamili, na safari ya bure kwenda hospitalini si hata nusu ya shari.

Kwa walimu twasema: hamtaongezewa mshahara kwa somo hili, wala halitaingia katika orodha ya shule bora. Faida yake itaonekana miaka mingi baadaye, katika nyumba ambayo hamtaijua, wakati mtu atakapokata shauri saa mbili mapema kwa sababu alikumbuka alichofundishwa.

Na kwa sisi sote tuitumiao lugha ya Kiswahili, na tuanze na lililo jepesi. Mama akija na mikazo ambayo bado haijafungua mlango, tusimwambie kwamba uchungu wake ni wa uongo. Tumwambie kwamba mwili wake unajitayarisha, na kwamba sisi pia tuko tayari. Asiyeaibishwa leo hatachelewa kesho.